Kabla ya kukata kaunta: waya, tundu na hewa ya jiko jipya la induksheni

Swali: Tunakarabati jikoni nyumbani kwetu. Makabati ya zamani yameshatolewa, kuta ziko wazi, na jiko la gesi la kusimama lililokuwepo tumeliondoa. Tunataka kuweka jiko la induksheni la pleti nne, la kuzamishwa kwenye kaunta ya mawe, na oveni ikae chini yake. Fundi umeme anasema waya wa soketi iliyokuwa ikitumiwa na jiko la zamani unatosha. Fundi wa mawe naye anataka kukata tundu sasa hivi, sentimita 56 kwa 49, kwa maelezo kwamba majiko yote ya upana wa sentimita 60 yanalingana, ingawa letu bado halijafika. Je, tuwakubalie? Tena, mama mkwe anayeishi nasi amewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, na tumesikia kwamba majiko haya hutumia sumaku.

Jibu: Ndugu msomaji, naanza na jambo uliloliweka mwisho, kwa sababu jibu lake linaweza kubadilisha mengine yote. Jiko la induksheni halina nyuzi zinazowaka chini ya kioo. Lina koili za shaba zinazotengeneza uga wa sumaku (yaani eneo lenye nguvu ya sumaku) unaogeuka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na uga huo ndio unaoamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria mpaka kitako chenyewe kikawa chanzo cha moto. Nguvu ya uga huo hupungua upesi kadiri mtu anavyokaa mbali na kioo, lakini kwa karibu sana unaweza kuingilia kazi ya kifaa cha moyo. Shirika la British Heart Foundation, la Uingereza linaloshughulikia magonjwa ya moyo, linashauri kwamba mwenye kifaa cha namna hiyo akae umbali wa angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko la induksheni linalofanya kazi. Sentimita 60 ni karibu kina chote cha kaunta ya kawaida, hivyo anayesimama kukoroga sufuria iliyo kwenye pleti ya mbele hawezi kuuzingatia umbali huo hata akijitahidi.

Kwa hiyo, kabla hamjalipia jiko, mama mkwe aulize kliniki inayofuatilia kifaa chake, akiwa na kadi inayoonyesha aina na modeli yake, nanyi mpeleke maelezo ya jiko mnalokusudia kununua. Ikiwa yeye ndiye anayepika mara nyingi na madaktari wakasita, chagueni jiko la umeme la kioo lenye nyuzi za joto, ambalo kwa sura na namna ya kufungwa linakaribiana sana na la induksheni, ila halipitishi joto kwa njia ya sumaku. Karibu yote nitakayoyasema hapa chini yanalihusu jiko hilo pia, isipokuwa habari za sufuria.

Sasa nije kwa fundi umeme. Msimkubalie, walau si kwa namna alivyolieleza jambo hilo. Jiko la zamani lilipata moto wake kutoka kwenye gesi, na umeme lililohitaji ulikuwa wa cheche za kuwashia, taa, na pengine oveni ya ukubwa wa kadiri. Jiko la induksheni la pleti nne kwa kawaida hudai jumla ya wati 7,200 hivi pleti zote zinapofanya kazi kwa nguvu kamili. Gawanya kiasi hicho kwa volti 230 utapata zaidi kidogo ya ampea 31. Waya wa soketi za kawaida za nyumbani mara nyingi ni wa milimita za mraba 2.5, na breka yake huwa ya ampea 16 au 20. Joto linalozalishwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo, maana yake ni kwamba mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Waya uliokuwa ukivumilia ampea 16 bila tabu, ukipitishiwa 32 kwa saa nzima ndani ya ukuta, utaanza kuharibu plastiki inayouzunguka muda mrefu kabla ya mtu yeyote kusikia harufu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si siku ya kwanza. Siku ya kwanza breka itakata umeme pindi mtakapowasha pleti ya tatu, na hiyo ndiyo kazi yake. Wasiwasi wangu ni kile kinachofuata mara nyingi katika nyumba zilizofungwa namna hii: fundi huitwa tena, analalamikiwa kwamba breka inakata ovyo, naye anaitoa na kuweka kubwa zaidi, huku waya ukibaki ule ule. Kuanzia hapo hakuna tena kitu kinachoulinda waya. Breka huchaguliwa ili kuulinda waya, na haistahili kuongezwa ukubwa isipokuwa waya nao umebadilishwa.

Mnachohitaji ni saketi ya peke yake kutoka kwenye boksi kuu la umeme mpaka kwenye jiko, isiyochangiwa na soketi yoyote. Kwa mkondo wa fezi moja, yaani nyumba inayoletewa umeme kwa waya mmoja wa moto, mafundi wengi hutumia waya wa shaba wa milimita za mraba 6 pamoja na breka ya ampea 32. Ikiwa njia ni ndefu sana, au waya utapita ndani ya ukuta uliojazwa kizuia joto, hesabu inaweza kudai wa milimita za mraba 10. Fundi afanye hesabu hiyo kwa nyumba yenu, na aiandike. Wapo wanaopunguza ukubwa wa waya kwa hoja kwamba pleti nne hazitumiki zote kwa wakati mmoja. Kanuni za umeme huruhusu makadirio ya aina hiyo katika kuhesabu mzigo wa nyumba nzima, lakini katika waya unaokwenda kwenye jiko moja mimi huona akiba yake ni ndogo mno kulinganisha na kazi ya kuuvunja ukuta upya. Saketi hiyo iwe na waya wa ardhi usiokatika popote, na ilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampea 30.

Oveni nayo ipewe saketi yake. Halafu fundi atazame nyumba nzima, kwa sababu hapa ndipo mahesabu ya wengi yanapoishia njiani. Jiko la wati 7,200, oveni ya 3,000 na hita ya maji ya 3,000 vikiwaka pamoja vinafikia wati 13,200, yaani zaidi ya ampea 57 kwa fezi moja, na bado hamjahesabu friji, pasi wala pampu. Ikiwa umeme unaoingia nyumbani hauwezi kubeba mzigo huo, zipo njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuomba uongezewe uwezo na kampuni inayowauzia umeme. Ya pili ni kununua jiko linaloruhusu kuwekewa kikomo cha nguvu wakati wa kufungwa. Majiko mengi ya induksheni ya sasa yana mpangilio huo, na ukiliwekea kikomo cha kilowati 3 kwa mfano, jiko lenyewe litagawanya kiasi hicho kati ya pleti zinazotumika. Utapika polepole kidogo unapotumia pleti tatu, lakini hutaunguza kitu. Muulizeni muuzaji kama mpangilio huo upo, nanyi wenyewe someni kwenye kijitabu cha maelekezo cha jiko, kwa kuwa muuzaji anaweza kuwa hajui.

Nyumba yenye fezi zaidi ya moja inahitaji uangalifu wa ziada. Nyuma ya jiko kuna vituo vya kufungia nyaya vyenye vipande vidogo vya shaba vinavyoviunganisha, na vipande hivyo huhamishwa kulingana na idadi ya fezi zilizopo. Mchoro wake umebandikwa chini ya jiko. Kipande kimoja kikikaa mahali pasipo pake, sehemu iliyotengenezwa kwa volti 230 inaweza kupokea karibu 400, na jiko jipya likafa kabla halijachemsha maji. Kazi hii si ya fundi wa makabati, hata kama ana bisibisi na ujasiri.

Kwa kuwa kuta ziko wazi, mna nafasi ambayo hamtaipata tena baada ya vigae kubandikwa. Waya upite wima au mlalo moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya kutenga, ile ya kukatia umeme wa jiko, wala usikate kona kwa mshazari, ili atakayetoboa ukuta kesho aweze kukisia ulipo. Swichi yenyewe ikate fezi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwa pamoja, iwekwe kando ya jiko mahali ambapo mkono unafika bila kupita juu ya sufuria, na isifichwe nyuma ya oveni. Chini ya kaunta acheni waya wa ziada wa kutosha kuliinua jiko na kuliweka kando bila kulifungua, maana siku ya matengenezo hilo ndilo litakalofanyika. Pigeni picha ya ukuta kabla haujafunikwa, huku mkiwa mmeweka futi ya kupimia ndani ya picha.

Kuhusu tundu, fundi wa mawe yuko karibu na ukweli, lakini ukaribu hautoshi pale ambapo kosa haliwezi kurudishwa. Ni kweli kwamba majiko mengi ya upana wa sentimita 60 yanahitaji tundu la milimita 560 kwa 490. Kioo cha jiko la namna hiyo huwa na takriban milimita 590 kwa 520, hivyo kila upande kinafunika milimita 15 tu za jiwe. Lakini yapo majiko yanayotaka kina cha 480, yapo yenye kioo kipana zaidi ambayo tundu lake ni lile lile, na yapo yanayokusudiwa kulala sawasawa na uso wa kaunta, ambayo yanahitaji jiwe lichongwe ngazi ndogo pande zote kwa kipimo cha milimita moja moja. Tundu likiwa dogo linaweza kupanuliwa kwa shida. Likiwa kubwa, mmenunua kaunta nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sioni sababu ya kuulegeza: jiwe lisikatwe mpaka jiko liwe limefika, limetolewa kwenye boksi, limekaguliwa kwamba halina ufa, na limepimwa kwa mkono na yule yule atakayekata. Mchoro wa kwenye mtandao unasaidia kupanga, lakini modeli hubadilishwa mwaka hadi mwaka bila jina kubadilika sana, na namba moja ya mwisho katika jina la modeli inaweza kumaanisha tundu tofauti. Mkisubiri wiki moja au mbili, kazi nyingine zinaweza kuendelea: nyaya, plasta, makabati ya chini.

Jiko likishafika, amueni mahali pake kwa kutazama kabati lililo chini na si kwa kutazama ukuta peke yake. Katikati ya tundu ilingane na katikati ya kabati la oveni. Nyuma kubaki angalau sentimita 5 za jiwe kabla ya ukuta, na mbele vivyo hivyo, kwa sababu vipande hivyo viwili vyembamba ndivyo vinavyobeba uzito wote wa kaunta inapohamishwa. Kama kuna kabati refu au ukuta upande mmoja, someni kijitabu kinadai umbali gani, kwani hutofautiana kati ya modeli na modeli. Sitaki jiko libanane na sinki pia. Acheni nafasi ya kutua sufuria ya moto kati yake.

Mwambieni fundi wa mawe aanze kwa kutoboa matundu ya duara kwenye kona nne, kisha akate mistari iliyonyooka kati yake. Kona kali ya pembe mraba ndiyo mahali ufa unapoanzia, na joto la jikoni linaloongezeka na kupungua kila siku huusukuma ufa huo taratibu. Akate kwa diski ya almasi inayomwagiwa maji, karakanani, wala asikate kavu sebuleni kwenu. Hilo si suala la usafi tu. Vumbi la mawe lina silika, na mawe ya kwatzi yanayotengenezwa kiwandani yanaweza kuwa na zaidi ya asilimia 90 ya silika, vumbi ambalo likivutwa kwa muda huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Australia ilipiga marufuku mawe hayo ya kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi wake waliougua. Kama jiwe lenu ni la aina hiyo, msikubali likatwe kavu mbele ya watoto wala mbele ya fundi asiye na kinga.

Kama mtabadili mawazo na kuchukua kaunta ya mbao au ya chipbodi, hatari inahamia kwenye maji. Kingo za tundu zilizo uchi zipakwe vanishi au silikoni mpaka zishibe, la sivyo maji yanayomwagika yataifanya chipbodi ivimbe na kioo kitakosa mahali pa kulala sawa.

Jambo ambalo hamkuuliza, na ambalo huua majiko mengi ya induksheni kabla ya wakati wake, ni hewa. Ndani ya jiko hilo mna saketi za elektroniki zinazopata joto, na feni inayovuta hewa ya kuzipoza kutoka chini au nyuma na kuitoa mbele. Jiko lenye unene wa sentimita 5.5 likikaa kwenye jiwe la sentimita 2, sentimita 3.5 zinaning'inia ndani ya kabati, juu ya oveni inayotoa joto lake. Hivyo oveni itakayokaa chini iwe na feni yake ya kupoza, nafasi kati ya hivyo viwili ifuate kijitabu cha jiko, mgongo wa kabati ukatwe uwazi wa kupitisha hewa, na kati ya kaunta na uso wa mbele wa oveni ubaki mwanya mwembamba ambao mara nyingi watengenezaji huudai. Fundi wa makabati hupenda kuuziba mwanya huo kwa kipande cha mbao ili mstari upendeze. Mkatalieni. Jiko lililonyimwa hewa hujipunguzia nguvu lenyewe katikati ya mapishi, kisha hujizima, na watu hulirudisha dukani wakidhani ni bovu.

Wakati wa kuliweka, uso wa jiwe upanguswe mpaka usibaki hata chembe ya mchanga, kwa sababu kioo kilichokazwa juu ya chembe moja kinaweza kupasuka siku kitakapopata moto. Utepe wa sponji unaokuja na jiko ndio unaozuia maji kupenya, nao unatosha. Kulibandika jiko kwa silikoni chini ya kioo ni kosa, maana siku ya matengenezo litatolewa kwa kuvunjwa. Vibano vya chini vikazwe mpaka viguse na kushika, basi.

Bomba la gesi mnaloliacha lisibaki limefungwa kwa koki peke yake. Koki huweza kufunguliwa na mtoto au kuvuja polepole, na gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini, ndani ya makabati mapya yaliyofungwa vizuri. Fundi wa gesi mwenye sifa aliondoe bomba au aliwekee kizibo cha chuma mwishoni, kisha akipake maji ya sabuni mbele yenu na kutazama kama povu linatoka. Kiberiti kisitumike kamwe kutafuta uvujaji. Kazi hii ifanyike kabla ya fundi umeme kuanza kutoboa.

Kifyonza moshi kinachokaa juu ya jiko la umeme kwa kawaida huhitaji umbali wa sentimita 60 hadi 65 kutoka kwenye kioo, ambao ni mfupi kuliko unaotakiwa juu ya gesi. Fuateni kijitabu chake. Kuhusu sufuria, shikisheni sumaku kwenye kitako: ikinata kwa nguvu, sufuria itafaa, na ile ya alumini au shaba tupu haitapata moto kabisa.

Siku ya kuwasha, fundi umeme kwanza apime kwa vifaa vyake, umeme ukiwa umezimwa, kwamba waya wa ardhi umeunganika mpaka mwisho na kwamba hakuna uvujaji kati ya nyaya. Akaze tena skrubu zote za vituo vya nyaya kwa mkono wake, kwa sababu kiungo kilicholegea kwenye ampea 30 huwaka kama hita hata pale waya unapokuwa wa ukubwa sahihi. Ndipo wekeni sufuria nne zenye maji, washeni pleti zote kwa nguvu kubwa kwa nusu saa, na oveni pia. Mlio mwembamba wa kuvuma kutoka kwenye sufuria ni wa kawaida, hasa zile zenye kitako cha tabaka nyingi. Kisichokuwa cha kawaida ni uso wa swichi kupata moto, harufu ya plastiki, au taa za nyumba kufifia kila pleti inapowashwa. Mkiona kimojawapo, zimeni breka na msimruhusu fundi aondoke wala kumlipa sehemu ya mwisho ya fedha zake mpaka ameeleza sababu na kuirekebisha.